Insha ya Shule ya Msingi: Utanzu Uliosahauliwa na Wahakiki

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wamekwisha kuzishughulikia tanzu nyingi. Ushairi umepata wachambuzi wake tangu zamani. Riwaya na tamthilia zimeandikiwa vitabu na tasnifu. Hata methali, vitendawili na maandishi ya khanga yamepata wa kuyatazama. Lakini upo utanzu mmoja ambao una waandishi wengi kuliko waandishi wa tanzu hizo zote wakijumlishwa, ambao husomwa na msomaji mwenye kalamu mkononi, na ambao kila mhakiki wetu aliuandika kwa miaka kadhaa kabla hajawa mhakiki. Utanzu huo ni insha ya mtoto wa shule ya msingi.

Katika makala haya nakusudia kuitazama insha hiyo kama tunavyoitazama kazi nyingine yoyote ya sanaa: fani yake, maudhui yake, hali iliyoizaa, na msomaji inayemlenga. Msomaji huyo ni mmoja tu, naye ni mwalimu. Kwa sababu hiyo haiwezekani kuihakiki insha ya mtoto bila kumhakiki mwalimu aliyeipa alama. Nasema hivi kwa kuwa niliwahi kuwa mwalimu huyo. Kabla ya kuja chuoni nilifundisha Kiswahili katika darasa la saba na la nane, katika shule moja iliyo kando ya Ziwa Victoria, katika miaka ya mwanzo ya mfumo wa 8-4-4. Mfano mkuu nitakaoutegemea ni wa kosa langu mwenyewe.

1. Sifa za fani

Mtu akipewa rundo la insha za darasa la nane atatambua upesi kwamba zimeshonwa kwa kitambaa kimoja. Mtoto hurauka alfajiri na mapema. Majogoo huwa yanawika. Jua huchomoza likitawanya miale yake ya dhahabu, na upepo mwanana huvuma kutoka baharini. Mama akifurahi, hufurahi kama kipofu aliyeona mwezi. Mwizi akikimbia, hukimbia kasi kama umeme. Baba akikasirika, hukasirika kama mkizi. Kila aya hupachikwa methali, nayo methali hutanguliwa na tangazo kwamba wahenga hawakukosea waliponena. Mwishoni mtoto hulala fofofo kama gogo, au huahidi kwamba tukio lile hatalisahau maishani mwake.

Wanafunzi wangu waliishi ufuoni mwa ziwa. Kila asubuhi waliliona jua likitoka nyuma ya vilima vilivyo mgongoni mwa shule, na kila jioni wakaliona likitua majini. Katika insha zao jua lilichomoza kutoka baharini. Walimjua ngege, mbuta na kamongo. Waliweza kuwataja kwa ukubwa, kwa majira na kwa bei. Hata hivyo walipotaka mfano wa hasira walimtafuta mkizi, samaki wa maji ya chumvi ambaye hakuna hata mmoja wao aliyepata kumwona. Nami, mwalimu wao, sikuwa nimepata kumwona.

Ni rahisi kuyacheka mambo haya, na katika mikutano yetu ya idara huchekwa sana. Lakini kicheko si uhakiki. Mhakiki hana budi kuuliza fomyula hizi hufanya kazi gani. Milman Parry, aliyewarekodi waimbaji wa tendi katika Yugoslavia kati ya 1933 na 1935, na mwanafunzi wake Albert Lord, aliyetoa kitabu chake mwaka 1960, walituonyesha kwamba fomyula katika utendi si dalili ya uvivu. Mwimbaji hutunga papo kwa papo mbele ya watu. Fomyula humpa wakati wa kufikiri na mahali pa kukanyaga. Mtoto katika chumba cha mtihani yumo katika hali inayofanana na hiyo. Mtihani wa KCPE, uliofanywa mara ya kwanza 1985 na mara ya mwisho 2023, ulimpa dakika 40 kuandika insha ya Kiswahili yenye alama 40. Katika dakika hizo alitakiwa kubuni kisa, kukipanga, kukiandika kwa lugha ambayo kwa wengi si ya nyumbani, na asikosee. Fomyula ilikuwa jahazi lake.

Hata hivyo ipo tofauti moja kubwa. Fomyula ya msimulizi huwa na mtu wa kuipokea. Akisema "Paukwa", wapo wanaojibu "Pakawa", na katika kujibu huko wanakuwa hadhira. Fomyula ya mtoto haijibiwi na mtu. Hukutana na kalamu nyekundu, nayo kalamu huweka alama ya vema bila kuuliza jua hilo lilichomoza wapi.

2. Hali iliyoizaa

Wahakiki waliotulea katika miaka ya sabini walitufunza kwamba kazi ya fasihi haizuki hewani. Huzaliwa na hali ya jamii yake. Yafaa basi tuitazame hali ya insha.

Mtihani wa CPE, uliotangulia KCPE, haukutahini Kiswahili. Maana yake ni kwamba walimu wengi waliokabidhiwa somo hili mwaka 1985, lilipofanywa la lazima na la kutahiniwa baada ya mapendekezo ya Tume ya Mackay ya 1981, walikuwa wamepita shule ya msingi bila ya Kiswahili chao kupimwa. Wengine walikuwa wamekiokota kanisani, sokoni, kambini au garini. Mwalimu wa namna hiyo hukisahihisha Kiswahili cha mtoto huku akikitilia shaka chake mwenyewe. Akiikuta sentensi ambayo mtoto ameitunga mwenyewe, hana hakika kama ni sahihi. Akiikuta fomyula, ana hakika, maana ameiona katika kitabu. Fomyula ilikuwa salama kwa mtoto, kwa kuwa ngeli zake zilikwisha kupatanishwa na mtu mwingine. Ilikuwa salama pia kwa mwalimu. Walikuwa watu wawili wenye hofu waliokutana chini ya mwavuli mmoja.

Pamoja na hofu kulikuwa na uchovu. Darasa langu la nane lilikuwa na watoto 62. Insha moja ikisomwa kwa dakika tano, insha 62 huchukua saa tano na dakika kumi, na hizo husomwa usiku kwa kandili baada ya siku nzima ya kusimama. Ilipofika daftari la arobaini sikuwa nasoma tena, nilikuwa navua. Jicho lilipita juu ya ukurasa likitafuta tashbihi, likaihesabu, likatafuta methali, likaihesabu, kisha mkono ukaandika alama. Tashbihi huhesabika hata usingizini. Ukweli wa kisa hauhesabiki.

Sitaki msomaji adhani kwamba maisha yale yalikuwa adhabu tupu. Zilikuwako furaha ndogo ndogo ambazo sijazipata chuoni. Wanafunzi wangu walikuwa wasemaji wa Kijaluo, na lugha hiyo haina sauti ya "sh". Kwao shule ilikuwa "sule" na shamba likawa "samba". Palikuwa na mvulana mmoja aliyeshindana na sauti hiyo muhula mzima. Asubuhi moja alisimama kujibu swali la hesabu, akatamka "shilingi" barabara, mwenyewe asitambue. Darasa zima likapiga makofi, naye akatazama nyuma kuona ni nani anayeshangiliwa. Mwalimu huweza kuishi kwa jambo kama hilo wiki mbili. Naitaja sauti hiyo kwa sababu nyingine pia, kama itakavyoonekana.

3. Insha mbili

Muhula wa pili niliwapa watoto kichwa cha insha: "Siku ya Mvua Kubwa". Msichana mmoja wa viti vya nyuma aliandika ukurasa usiojaa. Sentensi zake tano za mwisho nazikumbuka:

"Mvua ilikuja wakati omena iko kwa mchanga. Mama alikimbia. Hakuna karatasi ya nailoni. Mama alifunika omena kwa suka letu. Usiku tulilala hivyo."

Niliyazungushia duara nyekundu maneno "iko kwa mchanga", kwa kuwa yangekuwa "zikiwa mchangani". Nilizungushia "hakuna", kwa kuwa kitenzi kilitoka katika wakati uliopita bila ruhusa. Nilizungushia "suka", nikaandika pembeni: "shuka". Chini nikaandika: "Ongeza tamathali za usemi." Nikampa alama 16 kati ya 40.

Siku ya pili alinijia na daftari. Akauliza, "Mwalimu, shuka nilitoe?"

Nilidhani anauliza tahajia. Nikamwambia aandike upya, aweke methali na tashbihi. Aliandika upya, na insha yake ya pili ilikuwa na sehemu hii:

"Mvua ilinyesha kana kwamba mbingu zilikuwa zimetoboka. Radi ilinguruma kama simba mwenye njaa. Mama yangu mpendwa alitimua mbio kama swara. Wahenga hawakukosea waliponena kwamba dalili ya mvua ni mawingu."

Nilimpa alama 27. Nilimsifu mbele ya wenzake.

Tuzilinganishe insha hizi mbili kama tunavyolinganisha matini yoyote. Katika ya kwanza kuna kitu kilicho hatarini. Omena, wale dagaa wa ziwa, huvuliwa usiku kwa taa na kuanikwa asubuhi; zikinyeshewa kabla hazijakauka huharibika, na pato la siku hupotea. Mama ana vitu viwili, samaki na shuka, na kifuniko ni kimoja. Anachagua. Neno "letu" latuarifu kwamba shuka ni la watoto kadhaa na kwamba ni moja. Neno "hivyo" limebeba yote ambayo mtoto hakuyasema: shuka lililolowa, lenye harufu ya samaki, na baridi ya usiku baada ya mvua. Hakuna lawama kwa mama wala ombi la kuhurumiwa. Sentensi ni fupi kwa sababu mtoto hakuwa na Kiswahili cha kurefusha, lakini ufupi huo umelingana na jambo lenyewe. Hata kile kitenzi kilichohama wakati, "Hakuna karatasi ya nailoni", kinasomeka kama sauti ya mama mwenyewe akipiga kelele ufuoni. Sidai kwamba mtoto alikusudia hivyo. Nadai kwamba msomaji mwenye macho angeliliona.

Katika insha ya pili sarufi ni safi. Kuna tashbihi mbili, methali moja na chuku moja. Lakini mvua hiyo haikumlowesha mtu. Mama anakimbia, na hatujui anakimbilia nini. Omena zimeondoka, shuka limeondoka. Swara amekuja kutoka mbugani kuchukua mahali pa mwanamke wa ziwani. Methali nayo imeuawa. Wazee wanaposema "dalili ya mvua ni mawingu" huwa hawazungumzi habari ya mvua. Huzungumza habari ya jambo jingine linalonyemelea, na ndipo mvua hugeuka kuwa sitiari. Mtoto ameitumia kwa mvua yenyewe. Amechukua sitiari akairudisha kuwa taarifa ya hali ya hewa, nami nikampa alama kwa kazi hiyo.

Swali la mtoto, "Shuka nilitoe?", nililielewa miaka mingi baadaye, nikiwa nimeketi katika semina ya uhakiki chuoni. Hakuuliza tahajia. Aliniona nimelizungushia duara jambo lililokuwa moyo wa kisa chake, akadhani ndilo kosa. Akataka kujua kama katika Kiswahili mambo kama hayo husemwa. Jibu langu lilikuwa kwamba hayasemwi.

4. Pingamizi

Wako wenzetu watakaosema kwamba nafanya hisani isiyofaa. Hoja yao ni nzito na yastahili kusikilizwa. Watasema: mtoto wa bara hana akiba ya lugha, asipopewa misemo ya kukariri atakuwa bubu. Watasema pia kwamba Kiswahili kisicho na methali na tamathali ni mifupa mitupu, na kwamba kumsifu mtoto kwa sentensi kavu ni kuushusha ubora wa lugha.

Nakubali sehemu ya kwanza. Akiba ni lazima. Mtu hajifunzi lugha ya pili kwa kungoja aone jambo la kusema. Huanza kwa kuiga. Mtoto aliyekariri "alfajiri na mapema" amepata neno "alfajiri", na hilo ni faida. Kosa haliko katika kumpa akiba bali katika kumlipa kwa kuitoa yote kila mara, ihusike isihusike. Fundi hapimwi kwa wingi wa misumari aliyopigilia.

Sehemu ya pili siikubali, na ushahidi wangu unatoka katika fasihi ya Kiswahili yenyewe. Muyaka bin Haji wa Mombasa, ambaye mashairi yake yalikusanywa katika diwani iliyotolewa na William Hichens 1940 na kuchunguzwa upya na Mohamed Abdulaziz 1979, hakutunga mapambo yasiyo na mahali. Mashairi yake yalizaliwa na mambo ya mji wake: vita na siasa za enzi ya Wamazrui, biashara, mapenzi, majibizano na washairi wenzake. Tamathali zake zilitoka katika bahari aliyoiona na soko aliloliendea. Aliyezoea bahari akasema bahari alikuwa mkweli. Mtoto wa ziwa anayesema bahari amemwiga Muyaka kwa maneno na kumwacha kwa jambo. Ile bahari ya Muyaka, kwa mtoto wangu, ilikuwa omena mchangani.

Tazama pia methali katika matumizi yake ya asili. Mzee hafungui mazungumzo akatoa methali kwa kuwa mazungumzo yahitaji pambo. Huitoa pale shauri linapokwama, ili isogeze jambo bila ya kumvunjia mtu heshima. Methali ni kitendo. Tukimfundisha mtoto kwamba ni nakshi, hatumfundishi utamaduni wa Waswahili. Twamfundisha kinyume chake. Naye Shaaban Robert alipotoa Kielezo cha Insha mwaka 1954, kichwa chenyewe kilitangaza kwamba insha hufundishwa kwa kielelezo. Swali ni kielelezo cha nini: cha maneno ya kunakili, au cha mtu anayefikiri kwa kalamu?

5. Wajibu wa idara

Ni desturi ya makala kama haya kumaliza kwa kumhimiza mwalimu wa shule ya msingi abadilike. Sitafanya hivyo. Mwalimu mwenye daftari 62 na kandili hawezi kulaumiwa na watu wenye semina za wanafunzi 15. Mtihani wa KCPE umekwisha na mtaala mpya unasema umilisi mahali pa kukariri, lakini mitaala hubadilika upesi kuliko kalamu nyekundu. Kalamu hiyo hufundishwa mahali, na mahali penyewe ni vyuo vya ualimu na idara kama hii yetu. Sisi ndio tuliomfundisha mwalimu kuorodhesha tamathali za usemi: tashbihi, sitiari, tashihisi, chuku. Tuliwapa wanafunzi wetu mashairi wakayahesabia tamathali, tukawapa alama kwa hesabu hiyo. Walipokwenda shuleni walifanya vivyo hivyo kwa watoto. Fomyula ya mtoto ni mjukuu wa mhadhara wetu.

Napendekeza mambo mawili, na yote mawili yamo ndani ya uwezo wetu bila kungoja tume. La kwanza, katika kozi ya uhakiki, kando ya riwaya na diwani, tuweke fungu la insha za watoto, majina yakiwa yameondolewa, nazo zisomwe kwa makini yale yale. Mwanafunzi wetu aulizwe juu ya kila tamathali: imeonwa na nani, na tukiiondoa kinapotea nini? Kama hakipotei kitu, ilikuwa ya kuondolewa. Kisha aulizwe juu ya kila kosa la sarufi: je, chini ya kosa hili kuna jambo? Makosa yasahihishwe, maana "suka" si "shuka" na mtoto ana haki ya kujua. Lakini jambo lionwe kwanza.

La pili, mwanafunzi anapokwenda mazoezi ya kufundisha, tusimpime kwa ubao na chati zake tu. Tumtake atuletee insha moja aliyoisoma kwa kweli, pamoja na maneno aliyoyaandika chini yake. Hatuwezi kumtaka azisome 62 hivyo kila juma. Hilo halimo katika uwezo wa binadamu. Moja yawezekana. Mwalimu akisoma moja kwa kweli kila juma, akizunguka darasa lake, kila mtoto atakuwa amesomwa mara moja kabla ya kutoka darasa la nane au darasa lolote litakalokuja mahali pake. Wengi wetu hatukupata hata hiyo moja.

Daftari la yule msichana sinalo. Lilibaki naye, na sijui lilikoishia. Huenda lilifungia omena sokoni, kama daftari nyingi za huko. Kilichobaki ni sentensi tano, ambazo nazisoma kwa wanafunzi wangu wa uhakiki kila mwaka kabla ya kuwafundisha jina la tamathali yoyote. Huwauliza wangezipa alama ngapi. Kila mwaka yuko mmoja anayesema 16, na kila mwaka namwelewa.